"Maziwa hayatoshi": kinachomkwamisha mama anayetaka kunyonyesha Nyanda za Juu Kusini

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hulima mahindi, viazi mviringo, maharage, ndizi na chai, hufuga ng'ombe wa maziwa, na siku hizi parachichi za Njombe na Rungwe huuzwa hadi nje ya nchi. Pamoja na neema hiyo yote, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na kwamba Njombe na Rukwa ni takriban nusu ya watoto, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi zilizofungamana, zikiwamo maradhi ya kuhara, mlo wa ugali usio na mboga wala kitoweo cha maana, na mimba zinazokaribiana, kwa hiyo makala haya hayadai kwamba titi peke yake lingeumaliza. Yanachukua sehemu moja tu ya fumbo hilo, ile ya miezi sita ya mwanzo, kwa sababu ndipo mtoto anapoweza kupata chakula kamili bila familia kununua chochote, na ndipo pia mama anapoachwa peke yake kuliko wakati mwingine wowote.

Ushauri wenyewe unajulikana. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya wanasema mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita bila hata maji, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Katika utafiti huohuo wa 2022, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64, kutoka asilimia 59 ya mwaka 2015/16. Hiyo ni hatua, lakini ina maana kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu amekwisha kupewa kitu kingine mapema. Ukiwauliza mama zao sababu, wengi watakupa jibu moja: maziwa hayatoshi.

Jibu hilo halipaswi kudharauliwa, wala halipaswi kukubaliwa kabla ya kuchunguzwa. Wapo wanawake wachache ambao miili yao haitoi maziwa ya kutosha, kwa mfano waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, waliofanyiwa upasuaji wa matiti au wenye matatizo fulani ya homoni. Kwa walio wengi, maziwa hupungua baada ya jambo jingine kutokea kwanza. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, ambayo huamuru titi litengeneze maziwa, na oksitosini, ambayo hubana vifuko vya ndani ya titi ili maziwa yatoke. Maziwa yakikaa muda mrefu bila kutolewa, titi lenyewe hupunguza kazi; yakitolewa mara kwa mara, huongeza. Titi si debe la kusubiriwa hadi lijae ndipo litumike, na mama anayemsubirisha mtoto ili "maziwa yajae" huwa anayapunguza bila kujua. Prolaktini hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku, jambo linalochosha kuliko yote, ndiko kunakolinda maziwa ya mchana. Oksitosini nayo huzuiwa na maumivu, hofu na aibu, kwa hiyo mama aliyegombezwa asubuhi anaweza kuwa na maziwa tele kifuani ambayo hayatoki upesi.

Hatari kubwa iko katika siku tatu za mwanzo. Siku hizo mama hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya njano, na hutoka kidogokidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga huhitaji mililita chache tu kwa mnyonyo mmoja. Maziwa mengi kwa kawaida hufika kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji au anayezaa kwa mara ya kwanza yanaweza kuchelewa kidogo. Katikati ya kungoja huko mtoto hulia, bibi huingiwa na huruma, na kijiko cha maji ya sukari au uji mwembamba hufika. Mtoto hushiba, hulala, hanyonyi. Titi lisiponyonywa halipati agizo. Siku ya tano maziwa kweli hayatoshi, na kila mtu nyumbani huona kwamba bibi alikuwa na haki. Mduara huo ukielezwa kwa familia kabla ya kujifungua, mara nyingi hauanzi. Ukielezwa baadaye, mama huusikia kama lawama.

Jambo jingine la siku hizo ni namna mtoto anavyoshika titi, na hapa mikono ya mtu anayejua ina faida kuliko bango lolote ukutani. Mkunga mzoefu humketisha mama mgongo ukiwa umeegemea, kisha humgeuza mtoto mwili mzima amwelekee mama, tumbo kwa tumbo, ili kichwa, shingo na mgongo vinyooke pamoja. Pua ya mtoto huwa usawa wa chuchu. Mama huugusisha mdomo wa juu wa mtoto na chuchu, husubiri kinywa kifunguke kabisa, halafu humsogeza mtoto kwenye titi, wala hasogezi titi kwa mtoto. Akishika vizuri, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hubinuka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Chuchu ikitoka imebanwa au imechongoka upande mmoja, mtoto alikuwa akivuta chuchu peke yake. Kazi hiyo ya dakika chache huzuia chuchu kuchanika, titi kuvimba, na pengine jipu, ambayo ndiyo maumivu yanayowafanya wanawake wengi waache wiki ya pili huku wakiambiwa kwamba kuumia ni kawaida. Uchungu mdogo wa kuanza upo, lakini maumivu yanayoendelea ni ishara ya jambo linalorekebishika.

Na mama atajuaje kwamba mtoto anashiba? Si kwa kukamua na kutazama kiasi kilichotoka, maana mkono haufikii uwezo wa mtoto, na si kwa kilio, kwa kuwa mtoto hulia pia kwa baridi, kwa kutaka kubebwa, au kwa uchovu wa jioni. Baada ya siku tano za mwanzo, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, aliyerudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anapata maziwa ya kutosha. Kadi ile haina budi kusomwa mbele ya mama na kwa lugha anayoielewa, badala ya kujazwa na kurudishwa kimyakimya.

Tuseme siku za mwanzo zimepita salama. Kikwazo kinachofuata katika mikoa hii ni kazi, na naamini hiki ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko uzito wake. Msimu wa kupanda na kupalilia hausubiri mtu amalize uzazi. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe hutoka nyumbani asubuhi kukiwa bado na ukungu, majani yakiwa yamelowa umande, na kipato chake hupimwa kwa kilo alizochuma. Kumbeba mtoto mgongoni katika baridi ya Juni, huku kapu likiwa mgongoni vilevile, haiwezekani. Hivyo mtoto hubaki na dada yake mwenye umri wa miaka tisa na kikombe cha uji. Mchuuzi wa ndizi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kwenda na mtoto, lakini hana mahali pa kuketi ambapo hatasukumwa na wapita njia. Shamba la viazi linaweza kuwa mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Kwa wanawake hawa wote, kuambiwa "nyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku" bila kuzungumzia nani atashika jembe ni kuwapa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo msaada wenye maana huanzia kwenye mgawanyo wa kazi. Mume anayechota maji na kukata kuni kwa miezi sita amefanya zaidi kwa maziwa ya mwanawe kuliko anayenunua maziwa ya kopo. Mama mkwe anayeandamana na mkwewe hadi shambani, akakaa kivulini na mjukuu ili anyonyeshwe kila anapohitaji, ameliokoa titi na shamba kwa pamoja. Chakula cha mama nacho hakihitaji fahari: anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, yaani mlo mmoja wa nyongeza wenye maharage, mboga za majani, parachichi au ndizi, na maji ya kutosha. Uji wa ulezi na mtori anaopikiwa mzazi ni desturi nzuri, tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi hukoma siku arobaini zikiisha, wakati kazi ya kunyonyesha bado mbichi.

Pale ambapo kutengana hakuepukiki, maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono. Mama hunawa, huweka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya ukingo wa ile sehemu nyeusi, husukuma kuelekea kifuani, hubana, huachia, bila kuteleza juu ya ngozi, akizungusha vidole ili kila upande utolewe. Maziwa hukingwa katika chombo safi chenye mfuniko. Katika joto lisilozidi nyuzi 25, kama ilivyo ndani ya nyumba nyingi za Makete au Mafinga, yanaweza kukaa saa nne. Kwenye friji, hadi siku nne. Hayachemshwi, chombo huwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Mtoto hupewa kwa kikombe, akiwa amekalishwa wima, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini ili ayalambe mwenyewe bila kumiminiwa. Chupa za kunyonyea ni vigumu kuzisafisha vizuri, na hapo ndipo kuhara huanza. Yule binti wa miaka tisa, au dada wa kazi katika nyumba za Mbeya mjini, ndiye anayepaswa kufundishwa haya, ingawa kliniki humfundisha mama pekee.

Mama aliyeajiriwa ana sheria upande wake, japo wengi hawaijui yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Siku 84 ni wiki 12, na aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua hurudi kazini mtoto akiwa na takriban wiki nane, wakati miezi sita ni wiki 26. Pengo hilo ndilo linalopunguzwa na kifungu kingine cha sheria hiyohiyo, kinachomtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Saa hizo ni haki ya mama na hazitolewi kwa hisani ya msimamizi. Hata hivyo, haki ya saa mbili haimsaidii mtu ambaye nyumbani kwake ni mwendo wa daladala mbili, kama mahali pa kazi hapana chumba chenye mlango unaofungwa ambamo anaweza kuletewa mtoto au kukamua. Baba kwa kawaida hupata siku tatu tu. Na wale wa sokoni, wa mashambani kwao wenyewe na wa vibarua vya msimu, ambao ndio wengi, sheria haiwafikii kabisa katika maisha ya kila siku.

Kuna suala ambalo haiwezekani kuandika kuhusu unyonyeshaji katika mikoa hii bila kulikabili, nalo ni virusi vya Ukimwi (VVU). Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, dhidi ya 4.4 kwa taifa zima. Maana yake ni kwamba katika kliniki yoyote ya eneo hili wapo akina mama wanaonyonyesha huku wakiishi na VVU, na wengi wao wamesikia mafundisho yanayopingana kwa miaka mingi. Zamani walishauriwa watumie maziwa ya kopo kama wangeweza kuyapata. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa virusi hupita katika maziwa, lakini uligongana na hali halisi ya maji na usafi. Nchini Botswana, ambako serikali iliwagawia akina mama hao maziwa ya kopo bure, mvua kubwa za mwaka 2006 zilifuatwa na mlipuko wa kuhara ulioua watoto wengi, na waliokuwa hawanyonyi ndio walioathirika zaidi. Kabla ya hapo, utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto aliyepewa maziwa ya mama pamoja na vyakula vingine alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU kuliko aliyepewa maziwa ya mama pekee.

Kilichobadilisha hesabu yote ni dawa. Tangu mwaka 2013 Tanzania humwanzishia kila mjamzito na kila anayenyonyesha mwenye VVU dawa za kufubaza virusi za maisha yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Bila hatua zozote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa katika mimba, kujifungua au kunyonya. Kwa dawa na ufuatiliaji mzuri, idadi hushuka chini ya watano. Tangu 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mama anayemeza dawa zake vizuri anyonyeshe angalau miezi 12 na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi, sawa na mama mwingine yeyote. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga tangu anapozaliwa na hupimwa mapema, kisha hupimwa tena hadi baada ya kuacha kunyonya. Yote yanategemea kidonge kisichorukwa, na kidonge hurukwa mara nyingi zaidi pale mama anapolazimika kukificha. Jirani anayeuliza kwa nini fulani ameacha kunyonyesha, au kwa nini bado ananyonyesha, hajui ni siri ya nani anayoifukua.

Siri na aibu zinatawala pia katika suala la kubemenda. Imani hiyo, iliyoenea karibu nchi nzima, husema kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika. Kwa hiyo mtoto anapokonda, macho yote humgeukia mama yake, naye huona afadhali kukaa ndani kuliko kwenda kupimisha uzito mbele ya wanawake wenzake. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala hakuna kitu cha mwanamume kinachopita hadi kwenye titi. Nadhani imani hiyo ilikuwa na busara ndani yake, kwa kuwa ilizuia mimba kufuatana, lakini leo zipo njia bora za kupanga uzazi ambazo hazipunguzi maziwa. Kunyonyesha kwenyewe ni njia mojawapo: mama anayempa mtoto maziwa yake pekee usiku na mchana, ambaye hajaona hedhi tena, na ambaye mtoto wake hajafikisha miezi sita, amekingwa kwa takriban asilimia 98. Sharti moja likivunjika, atafute njia nyingine. Mimba ikiingia, haimlazimu kumwachisha mtoto ghafla, isipokuwa daktari ameona tatizo.

Chango nalo limewaponza wengi. Mtoto akijikunja na kulia jioni husemwa ana chango, na dawa ya mizizi hufuata, ikiwa imechemshwa kwa maji ambayo hakuna aliyeyapima. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, kwa hiyo hata hoja ya kiu haina nafasi. Mtoto mwenye homa, anayetapika mfululizo au asiyetaka kunyonya apelekwe kituo cha afya. Mwingine abebwe, abembelezwe, anyonyeshwe tena. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na wa pombe ya komoni pia, mama akumbushwe bila kukemewa kwamba kiwango cha pombe katika maziwa hulingana na cha damu yake, na kwamba pombe huzuia maziwa kutoka, kinyume na wanaosema inayaongeza.

Wapo akina mama ambao, baada ya yote haya, hawatanyonyesha. Mmoja anatumia dawa za saratani, mwingine alifariki na kumwachia bibi mtoto, mwingine ameamua hivyo kwa sababu zake. Anayelea mtoto huyo anastahili maelekezo kamili: maji yaliyochemshwa na kutumika yakiwa bado moto, kipimo sahihi bila kuongeza maji ili kopo lidumu, kikombe kisafi, na kinachobaki kimwagwe. Kinachokatazwa ni matangazo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981, ambazo Tanzania iliziingiza katika kanuni zake kuanzia mwaka 1994, huzuia watengenezaji kutangaza maziwa ya kopo kwa umma na kutoa sampuli za bure kwa akina mama, kwa sababu sampuli ya wiki moja inatosha kukausha titi, na kopo la pili hununuliwa kwa fedha.

Vijiji vina chombo tayari cha kuyashughulikia haya: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Mara nyingi huhudhuriwa na wanawake wenye watoto mgongoni, ambao ndio wanaoyajua tayari. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwaita waume na akina bibi kwa majina yao, mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawaonyesha jinsi ya kumshika mtoto na kumnywesha kwa kikombe, na serikali ya kijiji ikapitisha siku hiyohiyo kwamba mwanamke ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita hapangiwi msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, wala hatozwi faini kwa kutofika.